Lugha ya Kufukuzwa Kazi

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza jinsi mtu anavyopoteza kazi. Mtu hufukuzwa, huachishwa, hupunguzwa, hustaafishwa, au huacha mwenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya maneno haya bila hasara. Jirani akisema fulani kafukuzwa, tunaelewa kwamba hana kazi tena, tunampa pole, basi. Lakini mbele ya sheria kila neno lina bei yake. Aliyeacha mwenyewe halipwi sawa na aliyefukuzwa, na aliyefukuzwa kwa haki halipwi sawa na aliyefukuzwa kwa dhuluma. Mimi niliyajua haya nikiwa mwaka wa pili chuoni, na aliyenifundisha ni baba yangu, mtu aliyeishia darasa la tano.

Baba ni Mlugbara wa Arua. Kwa miaka 11 alikuwa askari wa kampuni moja ya ulinzi hapa Kampala. Alishika zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Fedha hizo ndizo zilizolipa kodi ya chumba, ada za wadogo zangu wawili, na chakula changu hosteli.

Nyumbani Baba husema Kilugbara. Kiluganda chake ni cha sokoni, na Kiingereza chake ni cha salamu. Kiswahili ndicho anachokimudu hasa. Alikiokota Arua, mji ulio karibu na mpaka wa Kongo, ambako wafanyabiashara na Wanubi hukitumia kila siku, kisha akakinoa katika mafunzo ya uaskari. Kazini kwake gwaride lilikuwa kwa Kiswahili, na maagizo ya redio za mkononi yalikuwa kwa Kiswahili. Katika nchi yetu lugha hii imevishwa sare tangu siku za jeshi la wakoloni, King's African Rifles, na hata leo wako Waganda wanaoiogopa kwa kuiona kuwa lugha ya watu wenye bunduki. Kwetu ilikuwa lugha iliyoleta unga nyumbani. Nadhani ndiyo sababu nilipofika chuoni sikusita kuichagua.

Matatizo yalianza usiku mmoja betri ya jenereta ilipopotea kwenye lindo lake. Walikuwa askari wawili, Baba akiwa lango la mbele na mwenzake nyuma, upande wa jenereta. Asubuhi msimamizi aliwaambia wote wawili warudi nyumbani wasubiri. Baada ya siku tisa Baba aliitwa ofisini, akapewa karatasi mbili za Kiingereza na kalamu. Aliambiwa atie sahihi zote mbili, kisha apite dirisha la malipo.

Hakutia sahihi. "Sikatai," aliwaambia, "lakini nina mtoto anayesoma. Nitampelekea azisome kwanza." Afisa utumishi alicheka, akamjibu kwamba mtoto hawezi kubadilisha yaliyokwisha andikwa. Hata hivyo alimpa nakala, na jioni ile Baba alifika hosteli na bahasha ya kaki kwapani.

Nilimtafsiria sentensi kwa sentensi tukiwa tumekaa nje kwenye ngazi. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba kampuni haihitaji tena huduma yake kuanzia siku ile kwa sababu ya uzembe kazini. Ya pili ilisema kwamba amepokea shilingi 250,000, kwamba hayo ndiyo malipo yake yote, na kwamba hatadai kitu kingine chochote, sasa wala baadaye.

"Hapo pameandikwa kwamba nimeiba?" aliniuliza.

"Hapana, Baba. Pameandikwa uzembe."

"Na nani aliniuliza kama nilizembea?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili niliingia maktaba kulitafuta, na nikalikuta katika Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, lakini maudhui yake yangemfaa sana mtu kama Baba laiti angeyajua mapema. Nitaeleza yale yaliyomhusu yeye, kwa sababu yanawahusu maelfu wengine wanaolala macho ili sisi tulale usingizi.

La kwanza ni haki ya kusikilizwa. Mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji mbaya hana budi kumweleza sababu kabla ya kufikia uamuzi. Tena sheria inasema amweleze kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu mwingine anayemchagua mwenyewe. Apewe muda wa kutosha kujiandaa, na maelezo yake yasikilizwe na kufikiriwa. Mwajiri akiiruka hatua hii, atalipa mshahara wa wiki nne, hata kama kosa lenyewe lilikuwa la kweli. Niliposoma sehemu hiyo nilirudia mara tatu. Ina maana kwamba hata mwizi ana haki ya kuulizwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

La pili ni notisi, na urefu wake hufuata urefu wa utumishi. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajafikisha mwaka hupewa wiki mbili. Kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, mwezi mmoja. Kuanzia miaka mitano hadi chini ya miaka kumi, miezi miwili. Aliyefikisha miaka kumi au zaidi hupewa miezi mitatu, na kama mwajiri hataki aendelee kuja kazini, amlipe mishahara ya muda huo. Baba alikuwa na miaka 11. Kampuni ilimhesabia mwezi mmoja.

La tatu ni zile siku tisa alizokaa nyumbani akisubiri. Mwajiri anaruhusiwa kumsimamisha mtu kazi wakati wa uchunguzi, lakini kwa muda usiozidi wiki nne, na kwa nusu mshahara. Siku za Baba hazikuhesabiwa kabisa. Hazikuhesabiwa pia siku za likizo alizokuwa hajazichukua, ingawa sheria inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, na zile zilizobaki hulipwa anapoondoka.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kiinua mgongo. Napenda jinsi Kiswahili kilivyolipa jina jambo hili. Mtu aliyeinama kazini miaka mingi hapewi sadaka anapoondoka. Anapewa kitu cha kumsaidia kuunyoosha mgongo wake ili aweze kutazama mbele. Sheria yetu inamtambulia malipo haya mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi sita au zaidi kisha akafukuzwa isivyo haki, na pia aliyeacha kwa kudhoofika mwili bila kosa lake, au aliyefariki akiwa kazini, ambaye malipo yake huenda kwa warithi. Aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa lililothibitika hapewi.

Lakini ni kiasi gani? Hapa ndipo sheria yetu inaponyamaza. Jirani zetu wameandika hesabu waziwazi. Tanzania imeweka mshahara wa siku zisizopungua saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kenya imeweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa mtu aliyepunguzwa kazini. Uganda ikasema tu kwamba hesabu ni ya kukubaliana kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Sasa askari wa lango atakubaliana nini na kampuni yenye mamia ya walinzi, naye hata chama hana? Pengo hilo lilizibwa na Mahakama ya Viwanda. Mahakama hiyo iliamua kwamba pasipo makubaliano, kiinua mgongo kihesabiwe mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Ni uamuzi mzuri, lakini umo ndani ya hukumu ndefu ya Kiingereza. Mtu anayeulizia haki yake hawezi kuukuta kwa kuisoma sheria peke yake, sembuse kwa kutoisoma.

Nikachukua kalamu. Notisi ya miezi mitatu, 750,000. Kutosikilizwa, wiki nne, karibu mshahara wa mwezi. Kiinua mgongo cha miaka 11, 2,750,000. Kabla ya likizo tayari tulikuwa tumefika kama shilingi 3,700,000. Karatasi ya pili ilitaka Baba ayaachie yote hayo kwa 250,000, kwa sahihi moja.

Alipoona hesabu hiyo Baba hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliniuliza kama hizo si zile fedha za NSSF. Nimegundua kwamba askari wengi wenzake wanaamini hivyo, na waajiri wengine hawana haraka ya kuwasahihisha. Fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, asilimia 5 kutoka mshahara wake na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, nazo ni zake hata akifukuzwa kwa kosa la kweli. Kiinua mgongo ni deni jingine kabisa. Mtu akiambiwa "nenda kachukue NSSF yako", hajalipwa chochote na aliyemfukuza.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua kuliko fedha. Katika mtaa wetu habari zilikuwa zimekwisha enea kwamba mzee yule wa Arua kafukuzwa kwa wizi wa betri. Lisemwalo lipo, watu walinong'ona. Alikwenda kuomba kazi kampuni mbili nyingine, na kote aliulizwa barua ya utumishi kutoka alikotoka. Askari bila barua hiyo ni kama dereva bila leseni. "Hizo fedha zitaliwa," aliniambia. "Jina langu wataniletea nani?"

Sheria inampa mfanyakazi miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa kupeleka malalamiko yake kwa afisa wa kazi. Wengi hawaujui muda huu. Hukaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena, au humtuma mzee fulani akamwombee msamaha kwa meneja, na wakija kushtuka miezi imekwisha. Sisi tulikwenda wiki ya tatu. Hatukuwa na wakili wala hatukudaiwa wakili. Tulibeba barua, kitambulisho cha kazi, na daftari dogo ambalo Baba alikuwa akiandika zamu zake kwa miaka yote ile. Daftari hilo lilitusaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu usiku wa betri lilionyesha alipangwa lango la mbele.

Kampuni iliitwa mara mbili isije. Mara ya tatu alikuja yule afisa utumishi na mwanamke mmoja aliyejitambulisha kuwa wakili. Afisa wa kazi alianza kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Baba akamuuliza anapendelea lugha gani. Baba alijibu Kiswahili. Afisa akasema chake si kizuri sana lakini tutakwenda nacho, na mimi nikaruhusiwa kusaidia palipokwama.

Wakili alieleza kwamba Baba alipewa nafasi ya kujieleza, kwamba aliitwa ofisini na akasomewa barua. Hapo Baba aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana afisa," alisema, "miaka kumi na moja watu hawa wananiamrisha kwa Kiswahili. Simama, fungua lango, kagua gari, nani yuko zamu, yote Kiswahili. Siku ya kunifukuza ndiyo wakanisomea Kiingereza. Kama walitaka nijibu, wangeniuliza kwa lugha waliyonifanyisha kazi."

Chumba kilinyamaza. Afisa wa kazi aliandika kitu, kisha akamuuliza afisa utumishi kama kuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mzee huyu aliulizwa, kwa lugha yoyote, kabla ya barua kuandikwa. Haikuwapo. Barua ilikuwa na tarehe ya siku mbili baada ya betri kupotea. Alikuwa amekwisha fukuzwa wakati yuko nyumbani akisubiri.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tulishinda kila kitu. Kampuni ilitoa shilingi 2,800,000 kwa awamu mbili, pamoja na cheti cha utumishi kinachotaja miaka yake 11 na kazi aliyoifanya, bila neno la uzembe wala wizi. Mimi nilitaka tukatae twende Mahakama ya Viwanda, kwa kuwa hesabu yetu ilikuwa kubwa zaidi. Baba aliniuliza kesi huko huchukua muda gani, nikamwambia huenda ikachukua miaka. Akaniuliza ada ya wadogo zangu inatakiwa lini, nikamwambia wiki ijayo. Alitia sahihi, safari hii baada ya kusomewa kila mstari kwa lugha yake. Niliumia wakati ule, lakini sasa namwelewa. Mwajiri ana uwezo wa kungoja, na mtu mwenye njaa hana. Haki inayochelewa humlazimisha mnyonge kuiuza kwa bei ya kutupa, na hilo halitibiwi na kutafsiri peke yake. Linahitaji maafisa wa kazi wa kutosha, na mahakama isiyolimbikiza mashauri.

Hata hivyo nimebaki na swali la Baba kuhusu lugha. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Tumekuwa tukilisema jambo hili kwa fahari katika kila mjadala wa darasani. Lakini urasmi wa lugha hupimwa kwa kazi inayofanya. Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwetu, askari, mpishi wa shule, dobi na mtwana wa mjengo wanaamrishwa kwa lugha wanayoijua, na wanaachishwa kwa lugha wasiyoijua. Sheria yenyewe imekwisha liona tatizo hilo, ndiyo maana ikadai mfanyakazi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Lakini agizo hilo limeandikwa kwa lugha ambayo huyo anayelindwa nalo hawezi kulisoma.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunatafsiri mashairi na hotuba, na ni vyema. Nadhani tunaweza pia kutafsiri notisi, mkataba, na hati ya malipo. Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kuhusu haki za anayefukuzwa kazi. Tulibishana siku nzima juu ya neno moja tu. Mmoja alitaka "kusitishiwa ajira", mwingine "kuachishwa", na mwishowe tukaandika "kufukuzwa" kwa sababu ndilo neno analolisema mtu anapolia. Baba aliupitia kabla hatujauchapa, akatuambia tupunguze maneno ya vitabu na tuongeze namba.

Ukurasa huo unasema mambo machache. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba nakala uende nayo. Kama unalazimika kutia sahihi ili kuonyesha tu kwamba umepokea barua, andika "nimepokea" na tarehe. Uliza kosa lako ni nini, na uliza kwa lugha yako. Nenda na mtu. Weka kumbukumbu za kazi yako hata kama ni daftari la shilingi elfu moja. Hesabu miaka yako, kisha ihesabie notisi na kiinua mgongo, na usiichanganye na akiba yako ya NSSF. Omba cheti cha utumishi, hata kama umekasirika. Nenda kwa afisa wa kazi kabla miezi mitatu haijakwisha.

Tuliutoa nakala hamsini kwa fedha zetu za mfukoni. Baba alizichukua zote akaenda nazo kwenye kazi yake mpya, ambako analinda ghala. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kuniambia zimekwisha, na kwamba askari wa lindo la jirani wanauliza zitakuja nyingine lini.